Nataka kuzamia nione matumbawe na meli iliyozama Unguja: nianzie wapi?

Swali la msomaji: «Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, nina miaka 41. Likizo yangu naweza kuichukua Aprili au Novemba, na tumepanga kwenda Unguja mimi, mume wangu na mwanetu wa miaka 11. Tutafika Jumatatu mchana na kurudi kwa ndege Jumamosi asubuhi. Nina hamu ya kuzamia nione matumbawe, na zaidi nione meli iliyozama. Kuogelea najua kidogo, mume wangu hajui kabisa. Natumia dawa ya presha, na nikiwa kwenye ndege masikio huniuma sana inaposhuka. Nasikia mtu anaweza kuzamia siku hiyohiyo bila kusomea. Ni kweli? Ni salama? Halafu nimesuka, na najisitiri. Mavazi yanakuwaje?»

Dada yangu, habari ni njema. Inawezekana, nenda Novemba, na meli unayoitaka ipo. Ila karibu yote uliyouliza yanategemea jambo ambalo umelitaja kwa kupita tu: ndege ya Jumamosi asubuhi. Safari ya kuzamia hupangwa kuanzia siku ya kuondoka, kisha unarudi nyuma siku moja moja. Basi nami naanzia huko.

Hewa iliyomo ndani ya mtungi ni hii hii tunayovuta barabarani, imechujwa na kushindiliwa. Asilimia 78 hivi ni nitrojeni, ambayo mwili hauna haja nayo ukiwa nchi kavu: inaingia, inatoka. Chini ya maji habari ni nyingine. Kila mita 10 za maji ya bahari zina uzito sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukiwa mita 10 unavuta hewa iliyoshindiliwa mara mbili, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Kadiri unavyokwenda chini na kukaa, ndivyo nitrojeni inavyojipenyeza kwenye damu, misuli na mafuta. Haina madhara ikiwa humo imeyeyuka. Shida ni namna inavyotoka. Ukipanda taratibu, mapafu yanaitoa bila wewe kujua. Ukipanda kwa pupa inageuka viputo humo humo mwilini: viungo vinauma, ngozi inawasha, miguu inakufa ganzi, na ikifika kwenye uti wa mgongo mtu anapooza. Pwani yetu tunao vijana waliokuwa wakizamia majongoo bahari kwa mitungi, wakishuka na kupanda mara nyingi kwa siku, bila saa wala mafunzo, na leo hawatembei. Ndiyo maana jambo hili silisemi kwa wepesi.

Sasa, hata aliyepanda vizuri anatoka majini akiwa bado na nitrojeni ya ziada, na inachukua saa nyingi kuisha. Ndani ya ndege mgandamizo wa hewa huwa kama wa mtu aliyesimama kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ukiingia humo mapema, viputo ambavyo havikutokea baharini vinaweza kutokea angani, mahali ambapo hakuna wa kukusaidia. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja, na angalau saa 18 kama umezamia zaidi ya mara moja au siku kadhaa mfululizo. Kwa hesabu hiyo ungeweza kuzamia hata Ijumaa asubuhi. Mimi nakuomba usifanye hivyo. Maliza Alhamisi, Ijumaa iwe ya Mji Mkongwe na Forodhani. Ndege huweza kuondoka mapema kuliko ilivyopangwa, boti zinachelewa, na muda unaodhani unao hupungua bila taarifa.

Wala usidhani basi litakuokoa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kupanda nchi ya juu kwa gari ni kupanda vilevile. Nawaambia hivyo hata wageni wa Kenya wanaozamia Diani asubuhi wakawahi treni ya jioni kwenda Nairobi, ambayo iko karibu mita 1,800: mwili haujui kama umepandishwa na ndege au na reli. Subiri zile zile saa.

Kwa hiyo una Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Siku 3 zinatosha ukizitumia vizuri.

Kuhusu mwezi sina mashaka hata kidogo. Aprili ni masika: mvua nzito, mito inaleta tope, kusi inaanza kuvuma, na makampuni mengine hufunga. Novemba uko kwenye matlai, kipindi cha utulivu baina ya kusi na kaskazi. Vuli huweza kukunyeshea kidogo, lakini bahari huwa shwari na maji maangavu. Ukiweza kuchagua wiki, usiangalie kalenda ya ukutani pekee, angalia na mwezi wa angani. Unguja maji hujaa na kupwa kwa tofauti ya hadi mita 4 hivi wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mengi kiasi hicho yakipita kwenye mikondo ya visiwa yanasukuma mtu kwa nguvu na kuchafua maji. Wiki ya maji mafu, karibu na tarehe 7 na 8 au 22 na 23 za mwezi wa Kiislamu, mkondo hulegea. Anayeanza aanze kwenye maji mafu. Wavuvi wanalijua hili tangu zamani na hawahitaji kompyuta kuambiwa.

Sasa swali la kuzamia bila kusomea. Ni kweli upo mzamio wa kujaribu. Unaelezwa kwa saa moja au mbili, unafanya mazoezi machache kwenye bwawa au maji ya kiunoni, kisha mwalimu anakushusha akiwa karibu nawe muda wote, kwa kina kisichozidi mita 12. Ukifanywa hivyo ni salama. Hauna cheti, ukitaka tena mwakani unaanza upya. Kozi ya kwanza yenyewe, ile inayokupa kadi ya kuzamia hadi mita 18 popote duniani, ina sehemu 3: nadharia, mazoezi ya maji mafupi, na mizamio 4 baharini. Nadharia siku hizi unaisoma nyumbani kwa simu au kompyuta kabla hujasafiri. Ukifika umeshaimaliza, siku 3 zinakutosha.

Ila wanaofundisha kwa mfumo wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, watataka uogelee mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote na bila kuhesabiwa muda, kisha uelee dakika 10 bila kushika kitu. Hicho ndicho kipimo chako. Tafuta bwawa la hoteli hapo Mwanza, jipime mwezi mmoja kabla. Ukifika mita 200 bila kuhema kwa hofu, jiandikishe kozi. Usipofika, fanya mzamio wa kujaribu mara 2 katika siku zako 3 na ufurahi. Hakuna aibu hapo. Nasema bwawa, si ziwa, kwa sababu wewe muuguzi unajua kichocho cha Ziwa Victoria kuliko mimi. Na «kidogo» unakokusema usikufiche baharini. Mwambie mwalimu ukweli wote siku ya kwanza. Mzamiaji anayeogopa na kusema anafundishika. Anayeogopa na kunyamaza ndiye anayepanda juu kwa ghafla.

Masikio ndiyo yaliyonifanya nikuandikie kwa urefu. Ndege inaposhuka kutoka juu hadi uwanjani, badiliko lote la mgandamizo ambalo sikio lako linalipata, katika nusu saa nzima, ni sawa na kushuka mita 2 na nusu tu majini. Fikiria hilo. Kile kinachokuliza kwenye kiti cha ndege utakipitia baharini kabla hujafika mita 3, pengine ndani ya dakika moja. Watu wengi wanaorudi kutoka mzamio wa kwanza wakiwa hawana furaha, hawakushindwa na hewa wala samaki, walishindwa na masikio, nao hawakuambiwa mapema.

Habari njema ni kwamba hili linafundishika. Ukiwa umekaa hapo, funga mdomo, bana pua, halafu puliza polepole kama unapenga makamasi lakini kwa upole. Masikio yote mawili yakilia «tup» kidogo, njia zako ziko wazi. Wengine wanafanikiwa kwa kumeza mate huku wamebana pua, wengine kwa kuchezesha taya. Fanya kila siku asubuhi, mwili uzoee. Majini utaanza kabla hujazama, na utarudia kila unaposhuka nusu mita au mita moja, kabla hujasikia maumivu. Ukingoja yaume umeshachelewa: njia imejibana, na kupuliza kwa nguvu kunaweza kujeruhi sikio la ndani. Likigoma, panda kidogo, jaribu tena, shuka. Shuka miguu ikitangulia, ukishika kamba ya nanga. Kichwa chini si kwa anayeanza. Na ukiwa na mafua, usizamie, hata kama umelipa. Usimeze vidonge vya kufungua pua ili upate kushuka, kwani vikiisha nguvu ukiwa chini hewa inanasa sikioni na kupanda ndiko kunakokuwa mateso. Kama sikio moja haliitiki kabisa hapo nyumbani, muone daktari wa masikio kabla ya kununua tiketi.

Presha nayo tuiongee kitaalamu, maana wewe ni wa fani hiyo. Mtu akiingia majini hadi shingoni, damu iliyokuwa miguuni inasukumwa kifuani. Moyo unajaa zaidi, figo zinadhani maji yamezidi, ndiyo maana kila mzamiaji anataka haja ndogo. Kwa moyo mzima hilo si tatizo. Kwa mwenye presha isiyodhibitiwa, mzigo huo unaweza kufanya maji yaingie kwenye mapafu angali chini: anakohoa, anahema, anahisi anazama ilhali hewa anayo. Presha ni moja ya vitu vinavyohusishwa na tatizo hilo. Iliyodhibitiwa vizuri kwa dawa, bila madhara kwenye moyo au figo, kwa kawaida madaktari huiruhusu, lakini dawa yenyewe ina maana. Zile zinazozuia mapigo ya moyo kupanda hupunguza uwezo wako ukilazimika kupiga mapezi dhidi ya mkondo. Zile za kukojosha zinakausha mwili, na mwili uliokauka hautoi nitrojeni vizuri. Kila shule ya uzamiaji itakupa fomu ya afya. Majibu mengi ya «ndiyo», likiwemo la kutumia dawa ya presha, yanahitaji sahihi ya daktari. Iombe fomu hiyo sasa kwa barua pepe, uipeleke kwa daktari wako Mwanza. Ukiisubiri hadi ufike Nungwi, kaskazini mwa Unguja, utakuta boti inaondoka saa 2 asubuhi na daktari hayupo, na kishawishi cha kuandika «hapana» ni kikubwa mno. Usidanganye ile fomu. Nimeona watu wakiidanganya, na wanaolipa si wao peke yao, ni pamoja na mwenzi wao chini ya maji.

Sheria moja ya majini ikikaa kichwani mwako, iwe hii: usizuie pumzi. Vuta, toa, vuta, toa, bila kukoma. Hewa iliyojaza mapafu yako ukiwa mita 10 itakuwa maradufu ukifika juu. Ukiwa umefunga koo, haina pa kwenda ila kupasua. Badiliko kubwa kuliko yote liko kwenye mita za mwisho, karibu na uso wa maji, mahali ambapo mtu anaona jua na kudhani ameshafika salama. Ndiyo sababu tunapanda polepole, mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, na tunasimama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka.

Utajiuliza mtungi unachukua muda gani. Tukadirie. Mtungi wa kawaida wa lita 11 ukijazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una kama lita 2,200 za hewa. Tunaacha bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,650. Mtu mtulivu anatumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 12 hewa imeshindiliwa mara 2.2, hivyo anatumia lita 44, naye ana dakika 37. Kwenye mita 30 anatumia lita 80 kwa dakika, na muda unashuka hadi dakika 20 hivi. Anayeanza anahema zaidi ya hapo, kwa hiyo punguza. Hesabu hii ndiyo iliyonifanya nikuchagulie meli.

Meli yako ni Great Northern. Ilikuwa ya Waingereza, ya mvuke, ya kutandaza na kutengeneza nyaya za simu za maandishi chini ya bahari. Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa namna hiyo mwaka 1879, na tangu hapo habari iliyokuwa ikisafiri kwa majahazi na meli wiki kadhaa ikawa inafika siku hiyohiyo. Waya unakatika, unaliwa, unakwaruzwa na miamba, kwa hiyo meli za kuufukua na kuuunga zilikuwa na kazi isiyoisha. Great Northern iligonga mwamba si mbali na Mji Mkongwe mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1902, na ikabaki hapo. Leo iko kwenye mita 12 hivi. Chuma chake kimevaa matumbawe, samaki wadogo wanazunguka makundi kwa makundi, samaki mkunga anachungulia kwenye tundu, na ukitulia pembeni unaweza kumwona samaki taa wa madoa ya buluu amelala mchangani. Mwanga wa jua unafika wote. Kwa anayeanza sijui meli nyingine Unguja ya kuishinda. Na Ijumaa, ukipita Shangani, lile jengo kubwa la ufukweni ambalo sasa ni hoteli ya Serena lilikuwa la simu za nje. Waya na meli na jengo ni habari moja, na utaielewa vizuri zaidi ukiwa umeanzia chini.

Watu watakutajia meli za kina. Mombasa, mbele ya Bamburi, ipo MV Dania, iliyokuwa ikibeba mifugo, ikazamishwa kwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya samaki. Ni nzuri sana, lakini iko karibu mita 30. Huko muda wa hewa ni mfupi, muda wa kukaa bila kulazimika kusimama njiani kutoa nitrojeni ni mfupi vilevile, na kuanzia kina hicho nitrojeni humlewesha mtu akatenda mambo ya kijinga kwa furaha. Hiyo ni ya baada ya kozi ya pili.

Meli yoyote iwayo, itazame kutoka nje. Usiingie ndani, hata mlango ukiwa mpana na kiongozi akikuonyesha kwa mkono. Ndani hakuna kupanda moja kwa moja. Vumbi la kutu likitibuliwa na pezi moja, mlango unapotea. Kuna mafunzo maalumu ya kuingia mabaki, yenye kamba na taa na kanuni za hewa. Usipande kwenye chuma, kinakata hata kupitia glovu. Na usichukue kitu, hata msumari. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahesabu kilichokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi kuwa urithi wa utamaduni, na Great Northern ilipita umri huo mwishoni mwa mwaka 2002. Kila anayebeba kipande «kimoja tu» anajichukulia peke yake kitu ambacho mwanao angekikuta.

Kwa matumbawe yenyewe, wengi watakupeleka Mnemba, kaskazini mashariki. Pana kasa, pana samaki wengi, na pana boti nyingi kupita kiasi. Omba mzamio wa mapema. Pemba ina kuta za matumbawe zinazoteremka gizani na mikondo mikali ya Njao. Mafia, hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania tangu 1995, ina Ghuba ya Chole na, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, papa potwe wanaokuja juu kula. Hizo ni safari za baadaye. Leven Bank, kati ya Unguja na Pemba, ukitajiwa kama mzamio wako wa kwanza, kataa papo hapo: ni bahari ya wazi yenye mkondo, na anayempeleka anayeanza huko hajali.

Tumbawe si jiwe. Ni mnyama, maelfu ya wanyama wadogo kwenye mjengo walioujenga wenyewe. Yale makubwa ya duara huongezeka kama sentimita 1 kwa mwaka. Pezi lako linaweza kuvunja kwa sekunde kazi ya miaka mingi kuliko umri wako. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na yaliyorudi yamerudi kwa shida. Kwa hiyo kujifunza kuelea sawasawa, kutopanda wala kushuka, ndiyo heshima ya kwanza. Usiguse, usisimame, usimlishe samaki, na kasa usimfukuze. Kwa mumeo kuna jambo zuri: hifadhi ya Chumbe, iliyofungwa kwa uvuvi tangu 1994, hairuhusu mitungi kabisa. Wageni wanaelea juu kwa miwani na mrija, na matumbawe yako karibu nao. Mvalishe jaketi la kuokolea, aende na mwongozaji, naye atakuwa na habari za kukusimulia jioni.

Mwanao wa miaka 11 anaruhusiwa. Umri wa chini kwa kozi ni miaka 10, na hadi afike 12 haruhusiwi kupita mita 12. Lakini muulize yeye, si mara moja, na akisema hataki siku ile ile asubuhi, mwache na baba yake. Mtoto aliyesukumwa majini hatasema kuwa masikio yanauma.

Mavazi hayana shida, na nafurahi umeuliza kwa sababu wengi wanaona haya. Suti ya mpira ya kuzamia inafunika kuanzia shingo hadi vifundo vya mikono na miguu, na ipo kofia yake inayofunika nywele na shingo. Juu yake vaa shati na suruali pana za kuogelea ukipenda. Zisiwe na vitambaa vinavyoning'inia vikanasa kwenye vifaa. Kubadilishia nguo, omba mapema chumba, usitegemee boti. Na ukitaka mwalimu mwanamke, omba unapoweka nafasi.

Misuko ndiyo huwasumbua dada zetu bila mtu kuwaeleza. Unywele mmoja ukipita chini ya ukingo wa miwani, kwenye paji la uso, unapitisha maji mzamio mzima, na mtu anadhani miwani ni mbovu. Ukisuka kwa ajili ya safari, suka kwenda nyuma, kusiwe na fundo kubwa kisogoni mahali mkanda wa miwani unapokaa, kwa sababu mkanda utapanda na kuteleza. Omba mkanda wenye kitambaa kipana. Chumvi inakausha nywele: zilowanishe kwa maji yasiyo ya chumvi na upake mafuta ya nazi kabla, lakini mafuta yasifike usoni. Mumeo akiwa na masharubu, naye yatampitishia maji. Mafuta kidogo ya mgando chini ya pua humsaidia.

La mwisho ni wa kumpa pesa zako. Bei sikutajii, inabadilika; uliza bei ya mkaazi, ipo mahali pengi na watu hawaiulizi. Kabla ya bei, uliza mambo haya na usione haya kuyarudia. Boti ina mtungi wa oksijeni safi, na nani amefundishwa kuutumia? Mtu akipata ugonjwa wa mgandamizo, ule wa viputo vya nitrojeni, anapelekwa chemba ipi (chumba maalumu cha mgandamizo cha kumtibu), kwa njia gani, na nani analipa? Mwalimu mmoja anashuka na wangapi? Kwa anayejaribu, mimi nisingekubali zaidi ya 2. Nahodha anabaki botini muda wote? Anayekujibu kwa utulivu na kukuonyesha ule mtungi wa oksijeni, kaa naye. Nimewahi kupanda boti ambayo sanduku la oksijeni lilikuwa limejaa soda na barafu; nilishuka, na wewe ushuke. Nunua bima ya wazamiaji pia, kwa sababu matibabu ya chemba ni ghali na bima nyingi za kawaida zinayakataa.

Sasa chukua ile fomu ya afya uifanyie kazi wiki hii, na utafute bwawa. Ukishazivuka zile mita 200, niandikie tarehe zenu kamili za Novemba, nikuangalizie siku za maji mafu kabla hamjalipa hoteli.